Makunyanzi ya mapema usoni: Adui ni jua na mkorogo, si umri pekee

KUZEEKA ni jambo lisilokwepeka kwa binadamu, lakini kuzeeka uso kabla ya wakati ni jambo jingine. Si ajabu kumkuta mtu mwenye umri wa miaka 30 na ushei akiwa na mistari kuzunguka macho, mikunjo kwenye paji la uso na mashavu yaliyoanza kulegea, ilhali mama yake mzazi, aliyevuka miaka 60, ana uso laini kuliko wake.

Hali hiyo imewafanya wakazi wengi wa mijini, wanawake kwa wanaume, kuingia katika mbio za kutafuta dawa. Maduka ya vipodozi yamejaa krimu zinazoahidi kurudisha ujana katika muda wa wiki mbili. Baadhi ya krimu hizo hazina madhara, lakini pia hazina faida zaidi ya kulainisha ngozi. Nyingine huharibu kile kile ambacho mnunuzi alikusudia kukiokoa.

Ili msomaji aweze kutofautisha kati ya hizo mbili, ni vyema kwanza afahamu jinsi ngozi ilivyojengwa na kitu gani hasa huifanya ilegee.

Ngozi ilivyojengwa

Ngozi ina matabaka mawili makuu. Tabaka la nje, ambalo ni jembamba, huzuia vijidudu visiingie mwilini na maji yasipotee. Humo ndimo inamopatikana melanini, ambayo huipa ngozi rangi yake. Chini yake kuna tabaka la ndani, nene zaidi, lililofumwa kwa nyuzi za protini za aina mbili. Nyuzi za kolajeni huipa ngozi uimara, na nyuzi za elastini huipa unyumbufu, yaani uwezo wa kuvutika na kurejea mahali pake, mithili ya mpira wa kiunoni mwa sketi.

Mpira huo ukichakaa, sketi hulegea. Vivyo hivyo, nyuzi za kolajeni na elastini zikipungua au kukatika, ngozi hushindwa kurejea mahali pake baada ya kukunjwa. Mistari ambayo mwanzoni ilionekana tu wakati mtu anapocheka au kukunja uso hubaki palepale hata uso ukiwa umetulia.

Umri una sehemu yake katika jambo hili. Kuanzia miaka ya ishirini na kitu, kolajeni hupungua kwa wastani wa takriban asilimia moja kila mwaka. Kwa wanawake, kasi huongezeka baada ya hedhi kukoma, kwa sababu homoni ya estrojeni hushuka. Makadirio ya kitabibu yanaonyesha kuwa karibu asilimia 30 ya kolajeni ya ngozi inaweza kupotea katika miaka mitano ya kwanza baada ya hapo.

Hata hivyo, umri hauwezi kueleza ni kwa nini watu wawili waliozaliwa mwaka mmoja huwa na nyuso zinazopishana kwa miaka kumi. Hapo ndipo yanapoingia mambo ya nje, na la kwanza kati ya hayo ni jua.

Jua hupenya hata kioo

Mwanga wa jua una miale ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni. Miale ya aina B ndiyo inayounguza ngozi. Ile ya aina A haiunguzi sana, lakini huzama zaidi hadi tabaka la ndani na kuchochea vimeng'enya vinavyokata nyuzi za kolajeni. Tena kioo cha kawaida, ambacho huzuia sehemu kubwa ya aina B, huiacha aina A ipite.

Mfano uliowashangaza wengi ulichapishwa mwaka 2012 katika jarida la kitabibu la New England Journal of Medicine la Marekani. Ulimhusu mzee wa miaka 69 aliyeendesha lori kwa miaka 28. Upande wa kushoto wa uso wake, uliokuwa karibu na dirisha, ulikuwa na makunyanzi mazito na ngozi iliyolegea, wakati upande wa kulia ulionekana wa mtu mwenye umri mdogo zaidi. Damu ilikuwa moja, chakula kimoja na umri mmoja. Tofauti ilikuwa jua. Hapa Afrika Mashariki, katika nchi ambazo dereva hukaa kulia, upande unaopigwa zaidi ni wa kulia.

Ushahidi mwingine ulitoka Australia. Katika mji wa Nambour, jimbo la Queensland, watafiti waliwafuatilia watu wazima 903 walio chini ya umri wa miaka 55 kwa muda wa miaka minne na nusu. Kundi moja liliagizwa kupaka mafuta ya kujikinga na jua kila siku, na jingine liliachwa litumie linavyopenda. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kuwa dalili za kuzeeka kwa ngozi zilikuwa pungufu kwa asilimia 24 katika kundi lililopaka kila siku.

Washiriki wa utafiti huo walikuwa wengi wao watu weupe, na msomaji mweusi anayo haki ya kuuliza kama habari hizo zinamhusu. Zinamhusu, lakini kwa kiwango tofauti. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 1979 ulikadiria kuwa tabaka la nje la ngozi nyeusi lina nguvu ya kinga ya takriban 13, ikilinganishwa na takriban 3 kwa ngozi nyeupe. Ndiyo sababu makunyanzi huchelewa kuonekana kwa watu weusi, ambao mara nyingi huanza kuona madoa na rangi isiyolingana usoni kabla ya kuona mistari.

Kwa maneno mengine, mtu mweusi amezaliwa na kinga ya bure ambayo wengine huinunua dukani. Kinga hiyo haitoshi peke yake katika nchi za ikweta, ambako jua la mchana ni kali mwaka mzima, lakini ni mtaji mkubwa. La kusikitisha ni kwamba wapo wanaotumia fedha zao kuiondoa.

Mkorogo: ujana wa wiki tatu

Krimu za kujichubua, pamoja na ule mchanganyiko unaojulikana mitaani kama mkorogo, mara nyingi huuzwa kwa jina la dawa ya kung'arisha na kulainisha uso. Viambato vyake hatari zaidi ni vitatu.

Cha kwanza ni steroidi kali, kama vile klobetasoli. Hii ni dawa halali ya baadhi ya magonjwa ya ngozi, inayotakiwa kutumika kwa muda mfupi chini ya uangalizi wa daktari. Ikipakwa usoni kwa miezi, hupunguza utengenezaji wa kolajeni na kuifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi. Mishipa midogo ya damu huanza kuonekana, michirizi hujitokeza na kidonda kidogo huchelewa kupona. Kinachomdanganya mtumiaji ni kwamba katika wiki za mwanzo dawa hiyo hutuliza uvimbe na chunusi, na uso huonekana mwororo. Akiacha ghafla, vipele na wekundu hurudi kwa kishindo, naye hushawishika kurudia kopo lile lile.

Cha pili ni haidrokwinoni, ambayo huzuia utengenezaji wa melanini. Ikitumika kwa muda mrefu bila usimamizi inaweza kuleta madoa meusi ya bluu yasiyotoka. Tatizo hilo lilielezwa na madaktari wa Afrika Kusini mwaka 1975.

Cha tatu ni zebaki, ambayo haiishii kwenye ngozi bali huingia mwilini na kudhuru figo na mfumo wa fahamu. Inaweza pia kumdhuru mtoto aliye tumboni. Mkataba wa kimataifa wa Minamata kuhusu zebaki, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulizilenga pia krimu za kung'arisha ngozi. Mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kuondoa vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki ifikapo mwaka 2025.

Nchini Tanzania, vipodozi vyenye viambato hivyo vilipigwa marufuku tangu enzi za Mamlaka ya Chakula na Dawa. Mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi ilihamishiwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Pamoja na marufuku hayo, bidhaa za magendo bado hupenya, nyingine zikiwa hazina orodha ya viambato au zikiwa na maandishi ya lugha ambayo mnunuzi haifahamu. Kopo la namna hiyo halifai kununuliwa, hata liwe na bei ya kutupa.

Mambo yanayosaidia

Kwa anayetaka kuhifadhi unyumbufu wa ngozi na kupunguza mistari ya mwanzo, hatua zifuatazo ndizo zenye msingi wa kitaalamu.

Kujikinga na jua: Jua huwa kali zaidi kati ya saa 4 asubuhi na saa 10 jioni. Kanuni rahisi ni kutazama kivuli chako: kikiwa kifupi kuliko urefu wako, tafuta mahali penye kivuli, au tumia mwavuli, kofia pana au mtandio. Mafuta ya kujikinga na jua yawe na namba 30 au zaidi mbele ya herufi SPF, na yaeleze kuwa huzuia miale ya aina zote mbili. Namba 30 huzuia takriban asilimia 97 ya miale ya aina B. Kiasi kinachofaa kwa uso na shingo ni mistari miwili ya krimu yenye urefu wa kidole cha shahada na cha kati, na hupakwa upya kila baada ya saa mbili kwa mtu aliye nje.

Kwa watu wenye ualbino, ambao ngozi yao haina kinga ya melanini ya kutosha, suala hili si la urembo bali la uhai, kwani wako katika hatari kubwa ya saratani ya ngozi. Mafuta ya KiliSun yanayotengenezwa Moshi, katika Kituo cha Kanda cha Mafunzo ya Magonjwa ya Ngozi kilichopo KCMC, yalibuniwa kwa ajili yao.

Kuacha sigara: Moshi wa tumbaku hubana mishipa ya damu inayolisha ngozi na huongeza uharibifu wa kolajeni. Mistari inayozunguka midomo ya wavutaji ni alama inayofahamika sana kwa madaktari.

Kulainisha ngozi: Krimu nyepesi au mafuta ya kawaida yakipakwa mara baada ya kuoga, ngozi ikiwa na unyevu, huzuia maji yasipotee. Ngozi iliyoshika maji huonekana imejaa, na mistari midogo inayotokana na ukavu hufifia. Si lazima mafuta hayo yawe ya gharama kubwa.

Dawa za jamii ya vitamini A: Hizi ndizo zenye ushahidi wa muda mrefu zaidi. Mwaka 1986 Profesa Albert Kligman wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania na wenzake walionyesha kuwa tretinoini ya kupaka huifanya ngozi iliyoharibiwa na jua itengeneze kolajeni mpya. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha krimu ya dawa hiyo kwa ajili ya mistari midogo ya uso. Matokeo huchukua miezi kadhaa. Mwanzoni dawa huweza kuwasha na kubabua, na kwa ngozi nyeusi muwasho huo unaweza kuacha madoa, hivyo ianzwe kidogo kidogo, usiku, kwa ushauri wa daktari. Mjamzito au anayepanga kushika mimba hapaswi kuitumia.

Lishe na usingizi: Mwili hauwezi kutengeneza kolajeni bila protini na vitamini C. Maharage, samaki, mayai, mapera, machungwa, mapapai na mboga za majani hupatikana katika masoko yetu. Aidha, kupunguza uzito kwa haraka mno huiacha ngozi ikining'inia.

Yasiyosaidia

Krimu zenye kolajeni haziongezi kolajeni ya ngozi, kwa kuwa molekuli zake ni kubwa mno kupenya hadi tabaka la ndani. Kinachofanya kazi ndani yake ni ulainishaji tu. Maji ya limau, ambayo wengi huyapaka usoni, huweza kuunguza ngozi na kuacha madoa mtu akitoka juani. Dawa ya meno nayo huwasha ngozi bila faida yoyote.

Sindano za botulinamu, maarufu kwa jina la biashara la Botox, hupooza misuli inayokunja uso kwa miezi mitatu hadi minne. Marekani iliziruhusu kwa mikunjo ya katikati ya nyusi mwaka 2002. Hupunguza mistari kweli, lakini hazitibu ngozi iliyoharibiwa na jua, na hazipaswi kuchomwa saluni na mtu asiye na taaluma ya tiba.

Kwa aliyekwisha kutumia mkorogo kwa muda mrefu, ushauri ni kutoacha kienyeji bila msaada. Aende kliniki ya ngozi akiwa na kopo alilokuwa akilitumia, ili daktari ajue kilichomo na ampangie namna ya kupunguza hatua kwa hatua. Baada ya kuacha, ngozi huweza kurejesha sehemu ya unene wake kwa miezi kadhaa, ingawa michirizi iliyokwisha jitokeza kwa kawaida haifutiki kabisa.

Wahenga walisema kinga ni bora kuliko tiba. Kwa uso, kinga hiyo huanza na kivuli, kofia na rangi ambayo mtu amezaliwa nayo.