Gobore na Kibali: Historia ya Bunduki Nafuu Iringa na Mbeya

Viwanda vya Uturuki siku hizi vinauza duniani bunduki za marisau zinazojipakia zenyewe kwa bei ambayo babu zetu wasingeisadiki. Mwindaji wa bata akivuta triga, ganda tupu linaruka pembeni na risasi nyingine inapanda mahali pake kabla hajaondoa shavu kwenye kitako. Anayeishika mara ya kwanza huvutiwa na wepesi wake, kisha huvutiwa zaidi akitajiwa bei, na ni rahisi kuamini kwamba bunduki ya namna hii ikifika Iringa na Mbeya, kila mkulima wa mpunga ataweza kujipatia kitoweo cha bukini. Historia ya nyanda hizi haikubaliani na imani hiyo. Tangu mwisho wa karne ya 19, swali la nani ashike bunduki ipi halikujibiwa dukani. Lilijibiwa na mtoa kibali, na gobore, bunduki pekee ambayo watu wa kawaida wa Uhehe, Ubena na Usangu waliweza kuiita yao, ilibaki mikononi mwao kwa sababu watawala waliona haina hatari kwao.

Kabla ya hapo kulikuwa na kipindi kifupi ambapo bei ndiyo iliyoamua. Mwaka 1888 Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, alikadiria kwamba bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zikipita katika bandari hiyo kila mwaka. Nyingi zilikuwa silaha zilizochakaa, ambazo majeshi ya Ulaya yalikuwa yameziacha baada ya kupata mpya. Misafara ilizipandisha bara, na watawala waliokuwa na pembe za ndovu, kama Merere wa Usangu, walizipata kwa kubadilishana. Mlango huo ulifungwa kwa mkataba uliotiwa saini Brussels tarehe 2 Julai 1890. Mkataba ulikusudiwa kukomesha biashara ya watumwa, na kwa ajili hiyo ulizuia silaha za moto kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, hasa zile za kisasa zenye mtutu wa mifuo na risasi za ganda. Uliacha tundu moja: gumegume za mtutu laini na baruti ya kawaida ziliweza kuruhusiwa. Mafundi wa Liège, nchini Ubelgiji, walikuwa mabingwa wa kutengeneza bunduki hizo duni kwa ajili ya soko la Afrika. Jirani yao kabisa, Herstal, kiwanda cha silaha cha FN kilianza mwaka 1902 kutoa bunduki ya marisau inayojipakia ya John Browning, ya kwanza ya aina yake kufanikiwa sokoni, ambayo ilitumia mshindo wa risasi iliyotoka kuingizia inayofuata. Bonde moja la Ubelgiji lilikuwa likiunda bunduki bora ya kuwindia bata na bunduki duni ya kumuuzia Mwafrika, na kilichozitenganisha hakikuwa ustadi wa mafundi wake.

Jinsi mkataba huo ulivyofanya kazi inaonekana vizuri Lugalo, huko Uhehe. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Mkwawa, mtawala wa Wahehe, likipigana zaidi kwa mikuki, liliuangamiza msafara wa kijeshi wa Mjerumani Emil von Zelewski na kuteka bunduki zipatazo 300 pamoja na mizinga 3. Hapo Wahehe walipata silaha za kisasa bila kulipa senti. Hata hivyo bunduki ya ganda huishi kwa risasi za kiwandani, na risasi hizo hazikuwa na njia halali ya kumfikia Mkwawa. Kalenga, ngome yake, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894. Ziko sababu nyingine za kuanguka kwake, na mizinga ya Wajerumani ni mojawapo, lakini bunduki isiyo na risasi ni gongo tu, hata ikiwa imepatikana bure.

Wajerumani hawakuchelewa kuuingiza uwindaji wenyewe katika leseni. Amri ya Gavana Wissmann ya Mei 1896 iliweka vibali na mapori ya akiba, na mwaka 1910 likatengwa pori la Saba, ambalo ndani yake ilizaliwa baadaye Hifadhi ya Ruaha. Baada ya Vita vya Maji Maji, kusalimisha silaha kukawa sharti la amani. Waingereza walipochukua nchi walileta sheria yao ya wanyama ya mwaka 1921 na kuendelea na ngazi ileile: mlowezi wa Mufindi au Sao Hill alimiliki raifo na bunduki ya marisau yenye mitutu miwili, na Mwafrika, kwa kawaida, alipewa leseni ya gobore.

Tofauti hiyo ilikuwa na maana kubwa kwenye maji kuliko porini. Gobore hupakiwa kwa mdomo wa mtutu: baruti, kisha nyuzi za kushindilia, kisha vipande vya chuma au risasi iliyoyeyushwa, kisha nyuzi tena, halafu fataki. Ukishafyatua umebaki na bomba lenye moshi, na bata wote wamekwisha ruka. Kwenye Ihefu, bwawa kubwa la Usangu, unyevu huingia kwenye baruti na mlio unaweza kugoma wakati unapohitajika. Kwa hiyo mwenye gobore hawezi kulenga ndege angani kama afanyavyo mwenye bunduki ya kisasa. Hana budi kunyemelea katika matete hadi karibu sana, kungoja kundi likusanyike juu ya maji, na kufyatua mara moja tu katikati yake. Wapo waliouita uwindaji huo wa kishenzi kwa sababu ndege hupigwa wakiwa wametulia. Mwenye risasi moja isiyoaminika hana uwindaji mwingine wa kuchagua, na aliyempangia risasi hiyo moja ndiye aliyempangia na namna ya kuwinda.

Hoja nzito zaidi dhidi ya maelezo haya inahusu mafundi. Gobore ilidumu, itasemwa, kwa kuwa mhunzi wa kijijini aliweza kuitengeneza na kuikarabati kwa bomba la maji na kipande cha mti, na kwa kuwa hula chochote, hata goroli za baiskeli. Hilo ni kweli, na ustadi wa wahunzi hao unastahili heshima kuliko inayopewa. Ila ustadi huo unaeleza jinsi gobore ilivyodumu. Haujibu kwa nini fundi aliyeweza kuunda mtutu hakusonga mbele. Mafundi wa Uturuki nao walianza katika vibanda vidogo, na walipopata vibali, chuma bora na soko halali wakafika kwenye bunduki inayojipakia. Mhunzi wetu alifanya kazi yake kwa kujificha, na polisi wanapotangaza msamaha wa kusalimisha silaha, gobore haikosekani katika zinazorejeshwa.

Itasemwa pia kwamba bila ukali huo ndege wa Usangu wangekwisha. Kilichowapiga ndege hao vibaya zaidi kilikuja bila mlio. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, mto unaotoka Ihefu, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi, na wataalamu wametaja zaidi maji yanayochepushwa kwenda kwenye mashamba ya mpunga. Ulinzi ni wa lazima, lakini si lazima uchague tabaka la watu. Marekani mwaka 1935 iliamua kwamba bunduki ya kuwindia bata isibebe zaidi ya risasi tatu, na mwaka 1991 ikakamilisha kupiga marufuku marisau ya madini ya risasi, ambayo huwapa sumu ndege wanaoyameza matopeni. Masharti hayo yanaibana silaha, na yanambana tajiri na mkulima kwa kipimo kimoja.

Baada ya uhuru ngazi haikubomolewa ilivyotarajiwa. Mwishoni mwa miaka ya 1990, kupitia mpango wa matumizi ya wanyamapori wa MBOMIPA, vijiji vya Idodi na Pawaga mkoani Iringa vilipewa mgao wa wanyama. Vijiji viliuuza mgao huo kwa wawindaji wakazi wenye leseni na bunduki za kisasa, wengi wao watu wa mjini. Fedha zilisaidia maendeleo ya vijiji, na hilo si dogo, ila aliyekuwa akivuta triga alibaki kuwa yuleyule mwenye karatasi. Mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu liliunganishwa na Hifadhi ya Ruaha, na humo hata mwenye leseni haruhusiwi kuwinda. Nje ya mipaka hiyo, kwenye majaruba ya Mbarali ambako bata hushuka kula mpunga, mkulima atakayeitamani bunduki ya Kituruki ataulizwa kwanza kibali chini ya sheria ya silaha ya mwaka 2015. Bei ataulizwa baadaye.