Bao na Vita vya Zamu katika Nchi ya Karatu na Ngorongoro

Wadatoga, ambao zamani walikaa katika kasoko ya Ngorongoro, hujulikana kwa watu wengi kwa jina la Wamang'ati. Jina hilo hawakujipa wenyewe. Walipewa na Wamasai, na maana yake ni adui. Wala si adui wa kudharauliwa, bali ni adui mwenye kustahiwa, ambaye mtu hujipima naye ili ajue kadiri ya nguvu zake mwenyewe. Katika neno hilo moja imo sehemu kubwa ya historia ya nchi hii. Humo pia imo siri ya mchezo wa vita, kwa maana mchezo huo hauwezi kuchezwa pasipo mpinzani anayestahili kungojewa.

Jambo hili lafaa kukumbukwa siku hizi, kwa sababu wako watu wazima wengi duniani wenye hamu kubwa ya kurudia michezo ya vita ya kompyuta waliyoicheza ujanani, ile iliyochezwa kwa zamu. Mwaka 1991 ulitolewa mchezo wa Civilization uliobuniwa na Sid Meier, na mwaka 1994 ukatolewa Panzer General. Katika michezo hiyo mchezaji huyapanga majeshi yake apendavyo, kisha hunyamaza, na adui naye hupata nafasi yake. Asili ya michezo ya namna hii huko Ulaya ni ya kale kuliko kompyuta, kwani mwaka 1824 afisa wa Prussia aliyeitwa von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo wa vita wa kuwafundishia maafisa. Lakini tangu mwaka 1992, ulipotokea mchezo wa Dune II, ulianza kuenea mtindo mwingine, ambao ndani yake pande zote mbili hutenda kwa wakati mmoja, na mwenye mkono mwepesi humshinda mwenye fikira ndefu. Waliozoea ule wa kwanza huona ya kuwa kuna kitu kimewapotea. Kitu hicho ni zamu.

Basi Afrika ya Mashariki ina mchezo wake wa vita vya zamu, nao ni bao. Kwamba michezo ya jamii hii ni ya kale katika nchi za bara yaonekana huko Hyrax Hill, karibu na Nakuru, ambako mashimo ya kuchezea yamechongwa katika mwamba. Wamasai, ambao nchi yao yatoka huko hata Ngorongoro, wana mchezo wao uitwao enkeshui, wenye safu mbili za mashimo. Bao la Kiswahili lina safu nne, nalo lilikomaa pwani na visiwani. Haya yote ni ndugu wa ukoo mmoja, ingawa kila ndugu ana sheria zake.

Ili kuifahamu maana ya mchezo wa namna hii katika nchi ya Karatu na Ngorongoro, haina budi kwanza kuvitazama vita vyenyewe. Katika karne ya 19 Wamasai waliwashinda Wadatoga na kuwatoa katika nyanda za Ngorongoro, zenye malisho na maji yasiyokauka. Wadatoga wakaenda kusini. Lakini makaburi ya wakubwa wao yalibaki ndani ya kasoko, na heshima yake haikwisha. Wairaqw nao, ambao ni wakulima na wafugaji wa milima ya Mbulu, waliishi katika hofu ya kushambuliwa. Henry Fosbrooke, aliyepata kuwa mkuu wa uhifadhi wa Ngorongoro katika miaka ya 1960, aliandika makala mwaka 1954 kueleza jinsi mashambulio hayo yalivyoathiri ujenzi wa nyumba za Wairaqw. Nyumba ilichimbwa katika mteremko wa kilima, na paa lake la udongo likalingana na ardhi, hata mtu aliye mbali asiweze kuitambua. Watu na ng'ombe walilala humo pamoja. Amani ilipoimarika, Wairaqw walishuka wakaenea katika nchi ya Karatu, na nyumba zao zikatoka chini ya ardhi.

Lililotafutwa katika vita hivyo hasa lilikuwa ng'ombe na malisho. Ng'ombe aliyetekwa hakuuawa. Aliingizwa katika zizi jipya, akazaa huko, na kesho aliweza kutekwa tena na kurudi alikotoka. Mali ilibadili mikono. Kiasi chake hakikupunguzwa na mashujaa, bali na tauni. Oscar Baumann alipoingia katika kasoko ya Ngorongoro mwezi wa Machi mwaka 1892, aliwakuta Wamasai wakifa kwa njaa, kwa sababu sotoka ilikuwa imewamaliza ng'ombe wao. Adui huyo hakuwa na zamu, wala hakuwa na jina la heshima.

Sasa na litazamwe bao. Mashimo yake ni 32 na kete zake ni 64, yaani 32 kwa kila mchezaji. Katika bao la Kiswahili kila mmoja huanza na kete 10 tu juu ya bao, sita katika nyumba na nne katika mashimo mawili ya jirani. Zile 22 zilizobaki huziweka mkononi mithili ya jeshi la akiba. Hizo huziingiza moja moja, kila zamu kete moja, na sehemu hii ya mchezo huitwa namua. Zikiisha, huanza sehemu ya pili iitwayo mtaji, ambapo mtu hana tena akiba ya kumwokoa, na lazima apigane kwa vile alivyo navyo.

Lakini jambo kuu ni hili. Katika sataranji kipande kikiliwa huondolewa, na katika michezo ya kompyuta askari aliyeshindwa hufutika. Katika bao kete iliyoliwa haitoki. Mwenye kuila huichukua na kuisambaza upande wake mwenyewe, nayo tangu hapo humpigania yeye, mpaka iliwe tena. Mchezo huanza na kete 64 na huisha na kete 64. Wala ushindi hauhesabiwi kwa wingi wa mali, kwani mtu aweza kuwa na kete tele katika safu ya nyuma naye akashindwa, ikiwa safu yake ya mbele imekuwa tupu. Mfugaji au mkulima wa zamani wa nchi hii asingehitaji kufafanuliwa sheria hiyo. Ng'ombe waliofichwa ndani ya kilima hawana faida ikiwa mwenyewe hathubutu tena kuwatoa malishoni.

Kwa hiyo bao si picha ya vita vyote. Ni picha ya vita ambavyo baada yake watu huendelea kuwa majirani, na kila mmoja hukiri ya kuwa mwenziwe ana zamu. Hata desturi za kupatana zilifuata njia hiyo. A. C. Hollis, katika kitabu chake juu ya Wamasai kilichotolewa mwaka 1905, ameeleza ya kuwa Wamasai walipofanya amani na kabila jingine, pande zote mbili zilileta ng'ombe mwenye ndama na mwanamke mwenye mtoto mchanga. Ng'ombe walibadilishwa, na kila mwanamke akamnyonyesha mtoto wa adui. Hakuna aliyepotea, kila upande ulitoa na kila upande ulipokea.

Mtu aweza kusema ya kuwa bao halimo hatarini, kwa kuwa lingali likichezwa barazani na chini ya miti, na sheria zake zaweza kuhifadhiwa na mashine. Ni kweli ya kuwa mwaka 2002 Jeroen Donkers na Jos Uiterwijk wa Maastricht, Uholanzi, walitoa makala juu ya kutunga programu ya kompyuta ya kucheza bao. Kazi hiyo ni ya kusifiwa. Lakini kuhifadhi sheria si sawasawa na kuhifadhi ubingwa. Alexander de Voogt, aliyejifunza kwa mabingwa wa Unguja na kuandika tasnifu juu yao mwaka 1995, alionyesha ya kuwa ubingwa huo ni uwezo wa akili wa kufuata mizunguko mirefu ya kete kabla mkono haujagusa shimo. Uwezo huo hupatikana kwa kukaa mbele ya aliye mkubwa na kufungwa naye mara nyingi.

Na pamoja na ubingwa hutoweka lugha. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki yapata mwaka 1840, alitunga shairi juu ya bao, nalo limo katika diwani yake iliyochapishwa mwaka 1940. Msomaji asiyejua kunamua, kutakata, nyumba, kichwa na kimbi hawezi kulifahamu, hata akiwa na kamusi mkononi, kwa maana kamusi humpa neno bila kumpa shimo lake. Ikiwa Waswahili wenyewe wasiocheza wameanza kulisoma shairi hilo kama lugha ya kigeni, basi mashimo ya bara, ambayo hayakupata mshairi wa kuyaandikia, yatakuwa matundu tu ya mwamba.

Wale wenye kuitamani michezo ya kale ya kompyuta wana bahati, kwani mchezo wao umo katika chombo na mtu aweza kuufungua akiwa peke yake. Bao halifunguliwi na mtu mmoja. Lahitaji mwingine upande wa pili, aliyekaa kimya, mkono wake ukingoja zamu. Naye huyo, kwa muda wa mchezo, ndiye mang'ati.