Kitovu Kilichohama: Mtandao wa Kituo cha Data na Urithi wa Simu

Machi 1953, jarida la kiufundi la Bell, kampuni iliyokuwa imeshika sehemu kubwa ya simu za Marekani, lilichapisha makala ya mtafiti wake Charles Clos kuhusu namna ya kuunganisha maelfu ya laini bila simu mbili zilizo huru kukosa njia ya kukutana. Shabaha yake ilikuwa mitambo ya simu tu. Hata hivyo, mhandisi anayechora leo mtandao wa kituo cha data chenye maelfu ya seva huanzia pale pale alipoishia Clos: badala ya kutegemea swichi moja au mbili kubwa za katikati, anaitawanya kazi ya kiini kwa swichi ndogo nyingi zinazofanana. Habari hii husimuliwa sana kama ushindi dhidi ya kitovu, kana kwamba mtandao ulivua taji la mfalme na kuwapa raia wote sauti sawa. Masimulizi hayo yana kasoro kubwa. Kitovu kilitoka kwenye kabati la chuma kikahamia kwenye ramani, orodha na programu, na mzigo wa kukitunza ukatoka kwa aliyeuza mashine ukaangukia kwa aliyeinunua.

Tatizo la Clos lilikuwa la hesabu na la pesa. Swichi nyingi za simu za enzi hizo zilikuwa na safu za wima na za mlalo zinazokatizana, na kila makutano yalidai kiunganisho chake cha chuma. Laini 100 zikitaka kuzifikia laini 100 za upande wa pili, viunganisho vinavyohitajika ni 10,000. Laini zikiwa 10,000 kila upande, viunganisho vinafika milioni 100. Clos aliigawa swichi hiyo katika ngazi tatu, ya kuingilia, ya kati na ya kutokea, akathibitisha kwamba kama kila swichi ya kuingilia inapokea laini n, basi swichi za kati zikitimia 2n kasoro moja, simu yoyote mpya itapata njia bila kuyagusa maongezi yanayoendelea. Kwa mpango huo laini 100 zinahitaji viunganisho 5,700, na laini 10,000 zinahitaji 5,970,000, yaani chini ya asilimia 6 ya hesabu ya kwanza. Lakini fomula hiyo hiyo inatoa onyo ambalo wasimuliaji wengi hulipita kimyakimya. Kwa laini 25 mpango wa Clos unakula viunganisho 675, wakati swichi moja ya kawaida ingetosheka na 625. Kwenye laini 36 ndipo faida inapoanza kuonekana. Tangu siku ya kwanza, basi, kutawanya kiini kulikuwa dawa ya ukubwa, na asiye na ukubwa hakuwa na sababu ya kuinywa.

Wazo hilo liliendelea kuishi kwa wajenzi wa kompyuta kubwa za kisayansi, hasa baada ya Charles Leiserson kueleza mwaka 1985 mtandao wa umbo la mti ambao matawi yake yanazidi kunenepa kadiri yanavyokaribia shina. Katika ofisi na vituo vya data vya kawaida mambo yalikwenda njia nyingine. Mwaka huo huo wa 1985 Radia Perlman, akiwa kampuni ya Digital, alichapisha njia ya kuzuia pakiti zisizunguke bila mwisho katika mtandao wa Etheneti: swichi zinakubaliana zenyewe juu ya mti mmoja, na kila kebo iliyo nje ya mti huo inafungwa mpaka itakapohitajika. Lilikuwa suluhisho la ufundi wa hali ya juu, na liliokoa mitandao mingi. Gharama yake ni kwamba mwenye kituo alinunua kebo mbili akatumia moja. Mtandao ukawa piramidi: swichi za raki, yaani za makabati ya seva, chini, za kukusanya katikati, na juu kabisa mashine mbili kubwa za bei kubwa, moja ikiwa ya akiba ya mwenzake. Mkazi wa Likoni au Kigamboni aliyewahi kusubiri foleni siku kivuko kimoja kilipokwenda matengenezo anaujua mpango huo bila kusomea uhandisi.

Kuna jambo moja la ajabu kuhusu mashine hizo kubwa. Ukifungua nyingi kati yake unakuta kadi za milango mbele, kadi za kuunganisha nyuma, na kila kadi ya mbele imeunganishwa na kila kadi ya nyuma. Huo ni mpango wa Clos uliokunjwa ndani ya sanduku. Muuzaji ndiye aliyepanga njia za ndani, ndiye aliyeandika programu ya kugundua kadi iliyokufa, ndiye aliyehakikisha kwamba hakuna anayechomeka waya mahali pasipo pake. Mnunuzi aliona mashine moja, anwani moja ya kuiingilia, faili moja la mipangilio. Bei ile iliyowafanya wahasibu wapige kelele ilikuwa, kwa sehemu, bei ya kutojua. Kiini kilichotawanywa kinalivunja sanduku hilo na kuzitandaza kadi zake ukumbini, kila moja ikiwa swichi kamili yenye umeme wake, feni zake na kasoro zake.

Kilicholazimisha sanduku livunjwe ni aina ya kazi. Mwaka 2004 Jeffrey Dean na Sanjay Ghemawat wa Google walieleza MapReduce, namna ya kugawa kazi moja kubwa kwa maelfu ya seva kisha kukusanya majibu. Katika kazi ya namna hiyo seva huongea zaidi na seva mwenzake kuliko na mtu aliye nje, na piramidi iliyojengwa kwa ajili ya watu wa nje inakabwa kooni. Google wenyewe walikuwa wakiunganisha seva zipatazo 20,000 kwa ruta nne kubwa, na hawakupata sokoni mashine ya kuwavusha mbele. Jaribio lao la kwanza la kujenga kwa mikono yao, Firehose 1.0, lilibandika vifaa vya kubadilishia njia ndani ya seva za kawaida, na kwa kuwa seva hufa na kuwashwa upya mara kwa mara, mtandao ulikufa nazo; halikuingia kazini. Firehose 1.1, ya mwaka 2006, iliingia, ila iliwekwa pembeni ya mtandao wa zamani ili mambo yakiharibika warudi walikotoka. Mwaka 2008 Mohammad Al-Fares, Alexander Loukissas na Amin Vahdat wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, waliiweka hesabu hadharani: swichi 2,880, zote za milango 48, zinatosha kuunganisha seva 27,648 bila msongamano wa kimaumbile, kwa takriban dola milioni 8.64, ilhali piramidi yenye uwezo huo ingegharimu kama milioni 37.

Hapo ndipo kebo zinapoingia katika hadithi, na zinastahili kutazamwa kwa karibu. Katika mpango huo wa San Diego kila ngazi ina kebo 27,648, kwa hiyo zilizo kati ya swichi na swichi peke yake ni 55,296. Kila moja ina ncha mbili na kila ncha ina mlango wake halali. Fundi akibadilisha mbili kati yake kwa bahati mbaya, taa za kijani zinawaka vilevile. Data inapita, lakini kwa njia ambayo mchoraji hakuikusudia, na kasoro inajitokeza wiki kadhaa baadaye kama uzito usioelezeka katika kona moja ya ukumbi. Ndiyo maana waendeshaji wakubwa walianza kufunga nyuzi za faiba katika mafungu yaliyokatwa urefu kiwandani, na kuandika programu inayoiuliza kila swichi jirani yake ni nani kisha inalinganisha jibu na mchoro. Mchoro umekuwa sheria, na ukumbi ndio unaoshtakiwa unapotofautiana nao.

Kuhusu nani aamue njia, waendeshaji waligawanyika. Google walichagua amri itoke sehemu moja: katika programu yao ya Firepath kila swichi iliripoti hali ya kebo zake kwa msimamizi aliyechaguliwa, naye akazitangazia zote picha kamili. Wengine, Microsoft na Facebook wakiwamo, waliichukua itifaki ya BGP, ile inayounganisha kampuni za intaneti duniani, wakaishusha ndani ya ukumbi. Agosti 2016 uzoefu huo ulichapishwa kama mwongozo wa RFC 7938, Petr Lapukhov akiwa mwandishi wa kwanza. Kila swichi ya raki inapewa namba yake kana kwamba ni kampuni inayojitegemea, na swichi za uti, yaani za ngazi ya juu inayoziunganisha raki, zinapewa namba moja ya pamoja kwa kila kundi. Sababu yake inapendeza. BGP huikataa njia yoyote ambayo tayari ina namba ya swichi yenyewe, kwa hiyo raki moja ikipotea, swichi za uti haziwezi kudanganyana kwa njia ndefu za kuzunguka kupitia raki nyingine. Zinakubali upesi kwamba aliyekufa amekufa.

Atasema msomaji mmoja kwamba habari za Clos ni mapambo tu, na kilichobadili mambo ni bei ya chipu. Hoja hiyo ina nguvu. Bila chipu za swichi zinazouzwa kwa yeyote, Google wasingejenga chochote, na mwaka 2011 kampuni ya Force10, iliyonunuliwa na Dell mwaka huo huo, isingeweza kuuza swichi ya Z9000 yenye milango 32 ya gigabiti 40 kama tofali la kujengea kiini kilichotawanywa. Lakini chipu rahisi inaeleza kwa nini ujenzi uliwezekana. Haielezi kwa nini wengine waliokuwa na fedha za kuzinunua walibaki na mashine zao mbili kubwa kwa miaka mingi. Waliotangulia kuhama ni wale waliokuwa na jeshi la waandishi wa programu. Dell wenyewe hawakuishia kuuza matofali. Waliuza pia programu ya kuchora mtandao huo, kuandaa mipangilio ya kila swichi na kukagua kama kilichojengwa kinafanana na kilichochorwa. Muuzaji asingehangaika na programu hiyo kama swichi peke yake zingetosha.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: katika mtandao wa BGP hakuna bwana, kila swichi inaamua yenyewe, sasa kitovu kiko wapi? Jibu ni kuuliza namba na sera za swichi hizo ziliandikwa na nani. Haziandikwi kwa mkono mmoja mmoja; zinazalishwa na programu kutoka hifadhi moja, na kosa katika hifadhi hiyo linaweza kuzifikia swichi zote kwa mara moja. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa takriban saa sita, na kuanzia Mombasa hadi Bujumbura watu walidhani bando limewaishia. Kwa maelezo ya kampuni yenyewe, amri iliyotolewa wakati wa matengenezo ya kawaida ili kupima uwezo wa mtandao iliangusha miunganisho yote kati ya vituo vyao vya data, na programu ya ukaguzi iliyopaswa kuizuia ilikuwa na hitilafu. Kwa haki, ulioanguka ni mtandao unaounganisha vituo, na kiini cha ndani ya ukumbi hakikuwa chanzo. Hata hivyo somo linahamishika, kwa kuwa mitandao yote miwili inaendeshwa kwa mtindo huo huo wa amri moja kufika kote. Kutawanya swichi kunakukinga vizuri dhidi ya kifo cha swichi: kati ya 16 za uti ikifa moja, umepoteza moja ya kumi na sita ya uwezo, ambapo kati ya mbili ungepoteza nusu. Hakukukingi hata kidogo dhidi ya sentensi mbaya iliyoandikwa mara moja na kutiiwa na zote.

Na mwendo haujasimama hapo. Mwaka 2022 Google walieleza jinsi walivyoiondoa ngazi ya uti katika mtandao wao wa Jupiter na kuweka mahali pake vioo vidogo vinavyogeuza miale ya mwanga, ili makundi ya swichi yaunganishwe moja kwa moja na kuunganishwa upya kadiri kazi inavyobadilika. Wanasema gharama za ununuzi zilipungua kwa asilimia 30 na matumizi ya umeme kwa asilimia 41. Vioo hivyo havisomi pakiti wala havijui anwani. Vinashikilia njia wazi kama swichi za simu za enzi za Clos, na haviwezi kugeuka hata digrii moja bila kuamriwa na programu iliyo juu yake. Kiini cha chuma kimepungua akili, na kiini cha programu kimeongezewa mamlaka.

Vituo vya data vinaongezeka Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na wauzaji wana michoro mizuri ya kuwaonyesha wenye navyo. Mwenye raki nane yuko upande wa laini 25: anunue swichi mbili imara na alale usingizi. Mwenye kutarajia mamia ya raki ajenge kiini kilichotawanywa, lakini kabla ya kuagiza swichi ya kwanza aajiri mtu wa kutunza orodha ya kebo na kuandika programu ya kuikagua, ampe mshahara unaolingana na mzigo huo, na amtafutie msaidizi.