Kocha Aliyefua Jezi

Jezi walizovaa wasichana wa Chuo Kikuu cha Tennessee msimu wa 1974 zilitokana na donati. Mwaka uliotangulia timu iliuza donati, ikakusanya dola ilizoweza, na fedha hizo ndizo zilizonunua sare. Mechi ikiisha, aliyezifua jezi hizo ni kocha mwenyewe. Alikuwa na umri wa miaka 22, akiitwa Patricia Head. Dunia ya mpira wa kikapu ilikuja kumjua kwa jina la ndoa: Pat Summitt.

Mshahara wake ulikuwa dola 250 kwa mwezi. Kwa fedha hizo alifundisha timu, akaendesha gari la kuipeleka ugenini, huku akisomea shahada ya uzamili na kufundisha madarasa ya elimu ya viungo. Safari moja, usiku wa kuamkia mechi, timu nzima ililala ndani ya ukumbi wa wapinzani, juu ya magodoro ya mazoezi, kila msichana na mfuko wake wa kulalia. Asubuhi waliamkia uwanjani kwelikweli. Wanne kati ya wachezaji hao walikuwa wadogo kwa kocha wao kwa mwaka mmoja tu.

Leo kazi hizo zote zina wenyewe. Timu kubwa ya wanawake katika vyuo vya Marekani ina mkurugenzi wa uendeshaji, ambaye ndiye anayekodi mabasi na ndege, kupanga vyumba vya hoteli, kuagiza chakula cha kabla ya mechi, kuomba muda wa mazoezi ugenini na kushika hesabu za bajeti. Kuna mtunza vifaa, mtu wa video, daktari wa viungo. Kwa miaka mingi kanuni za NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, zilimzuia mtu wa uendeshaji kumfundisha mchezaji uwanjani. Kocha na mwendeshaji wakawa watu wawili wenye milango miwili. Mwaka 1974 walikuwa mtu mmoja, na mtu huyo alikuwa na kikapu cha nguo chafu mkononi.

Alijuaje kazi isiyokuwa na mwalimu? Aliijua kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mchezaji, na aliyakuta mapungufu yote ya mchezo huo mwilini mwake. Alizaliwa Clarksville, Tennessee, mwaka 1952, katika familia ya wakulima, akajifunza kurusha mpira darini mwa ghala la majani makavu akishindana na kaka zake. Shule ya sekondari ya mjini kwao haikuwa na timu ya wasichana. Baba yake, Richard Head, akahamisha familia nzima hadi Henrietta, ng'ambo ya mpaka wa wilaya, ili binti apate mahali pa kucheza. Kaka zake walisomeshwa chuoni kwa ufadhili wa michezo. Zamu yake ilipofika hapakuwa na ufadhili kwa msichana, na wazazi wakalipa ada kutoka mfukoni ili asome katika tawi la Martin la Chuo Kikuu cha Tennessee.

Wala hakuwa peke yake. Mwaka 1972 chuo kidogo cha Kikatoliki cha Immaculata, Pennsylvania, kilifuzu mashindano ya kwanza ya taifa yaliyoandaliwa na AIAW, chama kilichosimamia michezo ya wanawake vyuoni wakati huo. Nauli ya kwenda Illinois haikutosha. Wasichana wakauza miswaki, na hata hivyo waliosafiri ni wanane kati ya 11. Wanane hao wakarudi na ubingwa, wakautwaa tena mwaka uliofuata na mwaka wa tatu. Jukwaani masista watawa waliwashangilia kwa kupiga ndoo. Kutoka chuo kile walitoka makocha: Theresa Grentz aliipa Rutgers ubingwa wa mwisho wa AIAW mwaka 1982, na Marianne Stanley akaipa Old Dominion mataji matatu. Waliouza miswaki ndio waliokuja kuzijenga ofisi.

Tukirudi Chuo Kikuu cha Tennessee, Knoxville, Pat aliitwa huko kuwa msaidizi tu. Kabla msimu haujaanza, kocha aliyekuwepo alichukua likizo ya masomo, na msichana aliyetoka kuhitimu akakabidhiwa timu. Mechi yake ya kwanza ilichezwa tarehe 7 Desemba 1974. Walifungwa na Mercer kwa pointi moja, 84 kwa 83, mbele ya watazamaji wanaokadiriwa kuwa 53. Goti lake lilikuwa bado linapona, kwa kuwa alichanika kano akiwa mwaka wa mwisho chuoni. Alifanya mazoezi yake baada ya kuwafanyisha wachezaji wake, na miaka miwili baadaye, Montreal, alikuwa nahodha mwenza wa timu ya Marekani iliyotwaa medali ya fedha katika Olimpiki ya kwanza kuwa na mpira wa kikapu wa wanawake. Mwaka 1984 alirudi Olimpiki kama kocha mkuu, akaondoka na dhahabu.

Vita yake moja husimuliwa kwa nadra kuliko vikombe, nami naihesabu kuwa kubwa zaidi ya baadhi ya vikombe hivyo. Katika sekondari za Tennessee wasichana walicheza sita kwa sita. Watatu walifunga, watatu walilinda, na hakuna aliyeruhusiwa kuvuka mstari wa kati, kana kwamba kukimbia uwanja mzima kungewadhuru. Mlinzi angeweza kumaliza miaka yote ya shule bila kurusha mpira kapuni hata mara moja katika mechi. Chuo gani kingempa ufadhili mchezaji wa nusu uwanja? Summitt alisema waziwazi kwamba hatawasajili wasichana wa jimbo lake mwenyewe mradi kanuni hiyo ipo. Mwaka 1979 jimbo likaibadili.

Sheria ya Title IX, iliyosainiwa Juni 1972 kukataza ubaguzi wa kijinsia katika elimu inayopata fedha za serikali kuu, ilifungua mlango wa ufadhili na bajeti. NCAA ilianza mashindano yake ya wanawake mwaka 1982, na Tennessee ikayatawala: mataji manane kati ya 1987 na 2008, ushindi wa mechi 1,098 katika misimu 38. Desemba 1987, katika ukumbi mpya wa Thompson-Boling, watu 24,563 waliingia kuitazama Tennessee ikicheza na Texas. Kutoka 53.

Darasani Summitt alikuwa mkali vilevile. Wachezaji wake walitakiwa kukaa safu tatu za mbele, na kukosa kipindi hakukuwa na mjadala. Kila aliyemaliza miaka yake ya kuichezea Tennessee chini yake alipata shahada.

Lakini fedha zilipoingia, waombaji wa kazi nao wakabadilika. Mwaka 1972 zaidi ya asilimia 90 ya timu za wanawake vyuoni, katika michezo yote, zilifundishwa na wanawake. Sasa ni chini ya nusu. Kazi iliyokuwa ya kufua jezi haikugombewa; ilipopata mshahara ikapata wagombea wengi, na wengi wa waliofanikiwa hawakuwahi kuvaa jezi hizo. Hilo linauma, na ni haki lisemwe kwa sauti.

Ndiyo maana mrithi wa Summitt ana uzito wake. Agosti 2011 Summitt alitangaza kwamba ana ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, aina ya Alzheimer, akiwa na miaka 59. Alistaafu Aprili 2012 na kufariki Juni 2016. Kiti chake kilikaliwa na Holly Warlick, mlinzi wake wa zamani, aliyekuwa msaidizi wake kwa misimu 27. Baada ya Warlick akaja Kellie Harper, aliyetwaa mataji matatu akiwa mchezaji wa Summitt. Kara Lawson, mwingine wa mabinti hao, anafundisha Duke tangu 2020.

Mapungufu hayajaisha. Machi 2021, kwenye mashindano ya NCAA huko San Antonio, mchezaji wa Oregon, Sedona Prince, alirekodi video ya vifaa vya mazoezi walivyopewa wanawake: rafu moja ya vyuma vidogo, wakati wanaume mjini Indianapolis walikuwa na ukumbi mzima uliosheheni. Ilibidi vifaa vipelekwe haraka baada ya nchi nzima kuona.

Miezi miwili baadaye Nikki Fargas, bingwa wa 1991 chini ya Summitt na kocha wa zamani wa LSU, aliacha ukocha akawa rais wa klabu ya Las Vegas Aces. Huko meza ya uendeshaji ilikuwa yake. Mwaka 2023 klabu hiyo ilifungua kituo chake cha mazoezi huko Henderson, Nevada. Ndilo jengo la kwanza kujengwa kwa ajili ya timu ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake, peke yake.