Demareri ya pikipiki haiitikii: angalia haya mbele ya kuifungua

Saa kumi na mbili asubuhi motari anatosha pikipiki ku parsele, anabonyeza kitufe, na kinachosikika ni «tak» tu. Anabonyeza tena: «tak». Hapo wengi wanaisukuma mpaka garaji na kumwambia fundi: «Chef, demareri imekufa.» Fundi asiye na subira anaifungua palepale. Jioni versema ya bosi haijatimia, na pikipiki bado inasema «tak».

Mara nyingi demareri haina kosa. Ni mota ndogo ya umeme inayozungusha injini mpaka iwake yenyewe. Kitufe kilicho ku gido hakibebi umeme wake mkubwa. Kinatuma umeme mdogo kwa rele, na rele ndiyo inafungulia njia umeme wa batri upite ku waya mnene hadi demareri. Kisha umeme huo unarudi ku batri kupitia chuma cha injini na waya wa masi. Njia hiyo ikikatika popote, demareri haizunguki. Iwe pikipiki, iwe ile ya magurudumu matatu ya kubeba mizigo au manne, kanuni haibadiliki.

Kwa hiyo anza na masikio na macho. Kama ni kimya kabisa na taa hazitoki, angalia fizibu na vichwa vya batri. Kama taa zinawaka vizuri lakini rele haipigi hata kidogo, shuku kitufe, ao swichi ndogo ya mkono wa ambreyaji, juu pikipiki nyingi zinakataa kuwaka zikiwa ndani ya vitesi mpaka ushike ambreyaji. Kama inapiga «tak-tak-tak» haraka haraka, karibu kila mara ni batri dhaifu ao kichwa chake kimelegea. Na kama unasikia demareri inazunguka mbio lakini injini haigeuki, usiiguse: ubovu uko ndani ya injini, ku meno ao ku gurudumu lenye kushika upande mmoja tu.

Batri ipimwe kwa chombo, si kwa ulimi wala kwa kugonganisha nyaya. Batri ya volti 12 iliyojaa na kupumzika inaonyesha karibu 12,6 ao zaidi. Chini ya 12,4 inahitaji kuchajiwa. Lakini kipimo cha maana ni kile cha wakati unabonyeza kitufe: isishuke chini ya volti 10 hivi. Kuna batri zinazoonyesha 12,6 zikiwa zimelala, na ukibonyeza zinaanguka mpaka 7, hizo zimekwisha. Injini ikishawaka, pandisha mwendo kidogo upime tena: inapaswa kuwa kati ya 13,5 na 14,8. Kama inabaki 12, chaji haifiki, na hata batri mpya itakufa baada ya siku chache. Zile za kuongezwa maji, ongeza maji distile ya batri tu. Ya bomba na ya ziwa yanaiua.

Sasa masi, ambayo wengi wanaisahau. Hapa Goma tunaendesha juu ya vumbi la mawe ya volkano, kisha mvua inanyesha, kisha pikipiki inaoshwa. Bulo inayofunga waya wa masi ku injini inapata kutu chini yake, na kwa macho inaonekana imekaza. Mimi mwenyewe nilinunua demareri mpya kwa pikipiki yangu ya kazi, ikafungwa, na asubuhi iliyofuata «tak» ikarudi. Fundi mwingine, mzee mmoja, alichukua waya mnene, akaunganisha kichwa cha kutoa cha batri moja kwa moja ku chuma cha injini, akaniambia: «Mdogo wangu, bonyeza.» Ikawaka. Kazi iliyobaki ilikuwa kukwangua kutu kwa kipande cha papie vere. Ile demareri ya zamani ninayo mpaka leo, na ni nzima.

Kwa rele, wengi wanagusisha bulo zake mbili kubwa kwa turnavisi. Inatoa jibu, lakini inatoa pia cheche, na batri inatoa gesi inayolipuka, na tangi ya esanse iko hapo karibu. Pima kwa usalama: weka chombo ku bulo hizo mbili, ubonyeze. Rele nzima inaonyesha karibu 0. Ikipiga «tak» lakini volti 12 zinabaki palepale, vyuma vyake vya ndani vimeungua, badilisha rele.

Kama yote hayo ni mazima, sasa fungua demareri. Tosha kwanza waya wa kutoa wa batri. Chora mstari ku mwili na ku vifuniko ili virudi vilevile. Ndani utakuta sharbo zinazosukumwa na resori: zikiwa fupi sana ao zimekwama, badilisha. Sehemu ya shaba zinapogusa, isugue na papie vere laini sana, kisha tosha unga mweusi kati ya vipande vyake. Usitie grisi hapo. Kwa chombo, kati ya shaba na ekseli umeme usipite hata kidogo. Ukipita, roho ya demareri imeungua.

Kuwa makini na rondeli za plastiki za bulo ya waya mnene. Ukizipanga vibaya, bulo inagusa mwili, na waya utaungua mara ya kwanza unapobonyeza. Ile kauchu ya duara nayo irudi, juu ndiyo inazuia maji.

Wakati wa kujaribu, weka pwamo, usibonyeze zaidi ya sekunde 5, kisha subiri nusu dakika. Kama kweli lazima ununue nyingine, nenda ku duka na ile ya zamani mkononi, uhesabu meno ya ekseli na kupima urefu wake, juu nyingi zinafanana kwa macho tu.