Kabla ya boma kulikuwa na misheni: vijana wa Injili Rungwe, Mbozi na Iringa

Kijana wa Kimormoni akitumwa kuhubiri, juma lake limeshapangwa kabla hajafungua sanduku. Kwa kawaida huamka saa 12:30 asubuhi, na saa 4:30 usiku taa inazimwa. Hatoki peke yake. Ana mwenzake ambaye halazimiki kumpenda, ila haruhusiwi kumwacha. Jumatatu ni siku ya kufua, kwenda sokoni na kuwasiliana na nyumbani, na tangu Februari 2019 anaweza kuzungumza na wazazi wake kila juma. Mvulana hutumika miaka miwili, msichana miezi 18, gharama zikibebwa na yeye na jamaa zake, kisha kila mmoja anarudi kwao kuendelea na masomo au kufunga ndoa. Kanisa lao, la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, lilisajiliwa Tanzania mwaka 1992, na Kitabu cha Mormoni kilitoka kwa Kiswahili mwaka 2000.

Nyanda za Juu Kusini ziliwapokea vijana wa kutumwa zaidi ya miaka 100 kabla ya usajili huo. Wale hawakuwa na tarehe ya kurudi.

Mwaka 1891 misafara miwili ya Wajerumani iliingia Unyakyusa ikitokea kusini. Walipita mdomo wa Zambezi, wakaufuata mto Shire, wakavuka Ziwa Nyasa, njia nyingine kwa meli na nyingine kwa miguu, mizigo ikiwa vichwani mwa wapagazi. Msafara mmoja ulikuwa wa Wamoraviani wanne, wakiongozwa na Theodor Meyer, na wote walikuwa wageni kabisa Afrika. Wa pili ulikuwa wa Misheni ya Berlin, ya Kilutheri, chini ya Alexander Merensky, mzee wa miaka 54 aliyekuwa amekaa Transvaal muda mrefu na kuanzisha misheni ya Botshabelo huko. Mmoja wa Wamoraviani, Georg Martin, alikufa kwa homa mwaka huohuo, kabla hata hajaanza kazi aliyoijia.

Waliobaki walikubaliana mipaka. Wamoraviani walichukua upande wa magharibi, wakajenga Rungwe; watu wa Berlin wakachukua mashariki, wakajenga Wangemannshöhe, kisha Manow na Mwakaleli, baadaye wakapanda hadi Ukinga na Ubena. Mkataba huo wa wageni wachache bado unasomeka kwenye vibao vya barabarani. Ukitoka Mbeya kwenda Mbozi utakutana na Moraviani kila mahali. Ukielekea Makete, Njombe na Iringa, Walutheri ndio wengi. Wanyakyusa hawakuulizwa, na wajukuu wao wamegawanyika kimadhehebu kwa mstari ambao hakuna babu yao aliyeuchora.

Unyakyusa ulikuwa na jambo lake la pekee: misheni ilitangulia boma. Serikali ya Kijerumani ilikuja kujenga Langenburg, kando ya ziwa, wamisionari wakiwa wameshakaa. Iringa ilikuwa kinyume chake. Tarehe 17 Agosti 1891, Mkwawa na Wahehe wake walikisambaratisha kikosi cha Kijerumani cha Emil von Zelewski pale Lugalo, na kwa miaka mitatu hakuna padri ambaye angethubutu kupiga hema Uhehe. Kalenga, ngome ya Mkwawa, ilianguka tarehe 30 Oktoba 1894, ndipo Wabenediktini wakafika Tosamaganga, Mkwawa mwenyewe akiwa bado anawindwa porini. Alijiua tarehe 19 Julai 1898. Kwa hiyo Mhehe wa kwanza kuingia kanisani aliingia akijua nani alishinda vita. Mnyakyusa wa Rungwe alimwona mzungu kwanza kama mgeni aliyeomba kiwanja. Nadhani tofauti hiyo inaeleza mengi kuhusu jinsi dini ilivyopokewa pande hizi mbili, kuliko hotuba zozote zilizotolewa.

Na juma la kijana wa misheni lilikuwaje? Sehemu kubwa ilikuwa udongo. Alifyatua tofali, akapasua mbao, akaezeka, akalima bustani ili ale. Wamoraviani wengi walikuwa mafundi kabla ya kuwa wahubiri, na mvua ya Rungwe haimsubiri mtu amalize zaburi. Asubuhi kulikuwa na ibada fupi, kisha kazi, kisha wagonjwa waliokuja na vidonda wakitaka dawa. Jioni alikaa na daftari, akiwauliza vijana wa jirani jina la hiki na kile, akikosea na kuchekwa. Jumapili alihubiri kwa Kinyakyusa cha kuungaunga mbele ya watu waliokuja zaidi kumtazama kuliko kumsikiliza.

Mavuno hayakuja upesi. Ubatizo wa kwanza Rungwe, wa mwanamke aliyeitwa Fiabarema, ulifanyika mwaka 1897. Hiyo ni miaka sita. Kijana wa leo mwenye miaka miwili mkononi angekuwa amemaliza muhula wake mara tatu bila kumtia mtu majini.

Waliobatizwa walihamia kwenye ardhi ya misheni, na hapo mambo yakageuka. Mhubiri akawa mwenye ardhi, mwamuzi wa ugomvi, mtoa adhabu, kwa kifupi mkubwa wa kijiji. Machifu waliona. Vijana waliokuwa wategemee ng'ombe wa baba ili waoe walipata njia nyingine ya kusimama, na wake waliokuwa hawataki waume waliopangiwa walipata pa kukimbilia. Tusidhani kila aliyehamia alihamia kwa ajili ya mahubiri.

Aliyejifunza zaidi, kwa maoni yangu, ni Traugott Bachmann. Alifika mwaka 1892 akiwa na miaka 27, na mwaka 1899 akaanzisha Mbozi, kwa Wanyiha. Alianza mkali kama wenzake. Kadiri alivyokaa, ndivyo alivyoacha kupigana na desturi za wenyeji wake, hata akafikia kuwakubali kanisani wanaume wenye wake zaidi ya mmoja badala ya kuwalazimisha kuwafukuza wake wadogo na watoto wao. Wakubwa wake Ulaya hawakufurahi. Jambo kama hilo halijifunzwi kwa miaka miwili.

Adolf Stolz wa Kyimbila, karibu na Tukuyu, alikuwa wa aina nyingine. Alikuwa Mmoraviani wa kazi za mikono na biashara, na kila alipopata nafasi alikata tawi, akalikausha kati ya karatasi na kulipeleka Berlin. Alikusanya zaidi ya sampuli 2,000 za mimea kabla ya Vita Kuu ya Kwanza. Jenasi nzima ya okidi ndogo za Afrika, Stolzia, ina jina lake. Chai nayo ilipandwa Rungwe mapema, mwaka 1904. (Hapa Mmormoni wetu ana mtihani: dini yake inamkataza chai na kahawa, na kutembelea nyumba za Rungwe, Mbozi au Mufindi ukikataa vyote viwili kunahitaji maelezo marefu kwa mama mwenye nyumba.)

Si kila mahali palikuwa na mgeni anayekubalika. Septemba 1905, Maji Maji ilipofika Ubena, watu wa Chifu Mbeyela waliishambulia misheni ya Yakobi, karibu na Njombe, ambako Paul Gröschel na Wakristo wake walijihami kwa bunduki. Misheni ya Milo ilichomwa. Kwa waliopigana, msalaba na hema la askari vilikuwa kitu kimoja, na mhubiri aliyeshika bunduki asingeweza kuwaambia vinginevyo.

Kisha ikaja 1916, na Vita Kuu ya Kwanza. Majeshi ya Waingereza chini ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland mwezi Mei na kuitwaa Tukuyu, na Agosti yakafika Iringa. Wamisionari wa Kijerumani walikamatwa na kuondolewa. Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuja kusaidia, lakini walikuwa wachache. Wakonsolata wa Italia walichukua Iringa ya Kikatoliki kuanzia 1919. Wajerumani waliruhusiwa kurudi katikati ya miaka ya 1920 tu.

Miaka ile karibu kumi inaandikwa kwa aya moja katika vitabu vingi, na hilo ni kosa. Walimu wa shule za vijijini, waliolipwa kidogo au wasiolipwa kabisa, ndio waliofungua makanisa kila Jumapili, wakafundisha kusoma, wakazika na kusuluhisha. Walikuwa vijana. Walitembea kutoka kijiji hadi kijiji bila mwenzao wa kupangiwa. Wajerumani waliporudi walikuta Wakristo wengi kuliko waliowaacha, na walikuta pia watu waliozoea kuamua mambo yao wenyewe, wasiotaka tena kuambiwa kila kitu.

Mwaka 1966 Moraviani ya Tanzania ilipata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Teofilo Kisanji, ambaye jina lake sasa limepewa chuo kikuu kimoja cha Mbeya. Baadaye wainjilisti kutoka Mbeya na Rungwe walivuka mpaka kwenda Malawi na Zambia kuanzisha Moraviani huko, wale wa Malawi wakishuka kuelekea ziwa lilelile ambalo Meyer na wenzake walilivuka wakija.