Beryl Markham: Mwanamke wa kwanza kupewa leseni ya kufunza farasi Kenya

JINA la Beryl Markham hutajwa zaidi kwa sababu ya ndege aliyoirusha peke yake juu ya bahari ya Atlantiki mwaka wa 1936. Hata hivyo, miaka mingi kabla ya safari hiyo, alikuwa ameweka historia nyingine hapa nchini, alipokuwa mwanamke wa kwanza Kenya kupewa leseni ya kufunza farasi wa mashindano.

Leseni hiyo aliipata mwanzoni mwa miaka ya 1920, kabla hajatimiza umri wa miaka 20. Uingereza, chimbuko la mchezo wenyewe, ilikataa kuwapa wanawake leseni kama hiyo hadi 1966, baada ya Bi Florence Nagle kuwapeleka wasimamizi wa mbio mahakamani. Kabla ya hapo, wanawake waliofunza farasi huko walilazimika kuandikisha leseni kwa jina la mwanamume, mara nyingi mfanyakazi wao wa zizini.

Kwa msomaji wa Kitengela au Kajiado, farasi ni mnyama wa kuonekana kwa nadra. Mnyama wa kazi huko ni punda, na miongoni mwa Wamaasai kumpakia punda mzigo ni shughuli ya wanawake tangu jadi. Sababu moja ya farasi kutostawi katika nyanda hizo ni maradhi. Pundamilia wanaotoka Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi kwenda malishoni Kitengela wanaweza kubeba virusi vya homa ya farasi ya Afrika bila kuugua, na punda nao hustahimili. Farasi akiumwa na visubi wenye virusi hivyo, aghalabu hufa.

Ndiyo maana walowezi wengi wenye farasi walipendelea nyanda za juu zenye baridi. Charles Clutterbuck, babake Beryl, alianzisha shamba Njoro na kumlea bintiye humo. Beryl alizaliwa Uingereza Oktoba 26, 1902, akaletwa Kenya angali mtoto mdogo. Mamake alirejea Uingereza, naye akakua akicheza na kuwinda pamoja na watoto wa wenyeji, huku akizungumza Kiswahili nao. Mmoja wa wenzake hao alikuwa Kibii, ambaye baada ya jando aliitwa arap Ruta.

Ukame na hasara ya biashara ya nafaka vilimfilisi Clutterbuck, akahamia Peru. Binti alibaki. Hakuwa na shamba wala mtaji, ila alikuwa na ujuzi wa farasi alioupata zizini kwa babake, na arap Ruta alikuwa bega kwa bega naye.

Kilichomtambulisha ni mbio za St Leger za mwaka wa 1926 jijini Nairobi. Katika kumbukumbu zake, Beryl anasimulia jinsi alivyomwandaa farasi aitwaye Wrack, aliyetarajiwa na wengi kushinda. Zikiwa zimesalia wiki chache, mwenye farasi alishawishiwa kumwondoa na kumkabidhi mkufunzi mwingine.

Beryl akabaki na farasi jike, Wise Child, mwenye kasi na moyo lakini mwenye kano dhaifu za miguu. Ugumu wa kazi ulikuwa hapo. Farasi asipofanyishwa mazoezi ya kutosha, huishiwa na pumzi katika mbio zinazokaribia kilomita tatu. Akizidishiwa, kano hukatika na huo ndio mwisho wake. Mkufunzi hana budi kuipapasa miguu kila siku na kukisia kiwango, kwa kuwa mnyama hasemi. Siku ilipowadia, Wise Child, akiwa na joki Sonny Bumpus mgongoni, aliibuka mshindi, na Wrack akashindwa.

Inafaa kukumbuka kwamba Beryl hakuwa joki. Alipanda farasi kwa ustadi mazoezini, lakini siku ya mashindano kiti kilikuwa cha wanaume. Tena, uwanja wenyewe ulikuwa wa walowezi. Uingereza saisi aliweza kushika leseni kwa niaba ya mwanamke aliyemwajiri. Huku Kenya ya kikoloni mwanamke wa Kizungu alikuwa na leseni yake, ilhali saisi Mwafrika, hata awe stadi kiasi gani, alibaki saisi. Sifa za Wise Child zilimwendea Beryl, ingawa yeye mwenyewe alimpa arap Ruta nafasi kubwa katika maandishi yake kuliko ilivyokuwa desturi ya walowezi wa enzi hizo.

Baadaye alijifunza urubani, akaruka kutoka Abingdon, Uingereza, hadi Nova Scotia, Kanada, Septemba 1936. Kitabu chake, West with the Night, kilitoka 1942 na kusahaulika upesi.

Aliporudi Kenya, alirejea kwenye mazizi. Mbio za Nairobi zilikuwa zimehamia uwanja wa Ngong Road mwaka wa 1954, mahali ambapo vilima vya Ngong, vilivyo Kajiado, huonekana upande wa magharibi. Huko, kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960, alitawala kama mkufunzi, akishinda Derby ya Kenya mara kadhaa. Alijaribu bahati Afrika Kusini, lakini haikumwendea vyema, akarudi.

Uzeeni aliishi kwa dhiki katika nyumba ndogo kwenye uwanja huo wa mbio. Kitabu chake kilichapishwa upya Marekani mwaka wa 1983 na kumpatia kipato alichokihitaji mno. Alifariki jijini Nairobi Agosti 3, 1986, akiwa na umri wa miaka 83.

Kiti cha joki kilichukua muda mrefu zaidi kufikiwa. Uingereza, mwanamke wa kwanza kushinda mbio chini ya kanuni rasmi, Meriel Tufnell, alifanya hivyo Mei 1972 huko Kempton Park. Ngong, katika karne hii, Patsy Sercombe amekuwa miongoni mwa wakufunzi wenye mafanikio makubwa, naye Lesley Sercombe amepanda farasi walioshinda akishindana na wanaume, wengi wao majoki Waafrika.